Jino la Papa na Jiwe la Watu Wote

Sogeeni, wajukuu zangu. Aliye juani aingie kivulini. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Inaanza na jino.

Zamani sana, kabla mtu hata mmoja hajatia mguu duniani, papa mmoja alidondosha jino. Papa hajali jino. Likitoka moja, jingine husogea mahali pake, naye huendelea na mawindo yake. Lile lililotoka likazama. Likapita maji ya juu yenye mwanga, likapita maji ya kizakiza, likafika kule ambako hakujapambazuka tangu bahari iwe bahari. Huko, mita elfu nne na zaidi kutoka juu, likatua kwenye tope laini. Ilikuwa katikati ya Bahari ya Pasifiki, mbali na nchi kavu yoyote.

Maji ya bahari yana chumvi, hilo mnalijua hata kwa ulimi. Lakini yana vitu vingine pia, vidogo visivyoonekana: manganizi, nikeli, shaba, kobalti. Chembe moja ikaja ikashika kwenye jino. Ikaja nyingine. Jino likavaa ngozi nyeusi, na juu ya ngozi hiyo ngozi nyingine, kama kitunguu. Kwa miaka milioni moja jiwe lile liliongezeka milimita chache tu. Shika punje ya mchele utazame unene wake: hiyo ni kazi ya malaki ya miaka. Leo jiwe limefikia ukubwa wa mbatata, na ukilipasua utalikuta jino bado limo ndani, mithili ya kokwa ya embe.

Mawe ya namna hii yamelala chini ya bahari kwa mabilioni. Mengine yalianzia kwenye jino, mengine kwenye kipande cha gamba. Watu walianza kuyafahamu vizuri mwaka 1873, pale Challenger, meli ya Waingereza iliyokuwa ikizunguka dunia kuchunguza bahari, ilipokokota chombo chake chini kabisa ya Atlantiki. Eneo linalojulikana zaidi kwa wingi wa mawe hayo liko kati ya Hawaii na Mexico, nalo lina kilomita za mraba zaidi ya milioni 4. Ungeweza kuilaza Tanzania nzima humo mara nne na nafasi ikabaki.

Sasa niambieni. Jiwe hili la nani?

Kila ninapowauliza watoto swali hili napata majibu mawili. Mmoja husema ni la atakayelifikia kwanza. Mwingine husema si la mtu. Yatazameni vizuri majibu hayo, mtaona ni jibu moja. Kitu kikishasemwa hakina mwenyewe, mwenye mbio ndiye atakayekibeba.

Mimi nina jibu la tatu, nalo nililijua kabla sijajua kusoma. Kijijini kwetu Pemba palikuwa na minazi ya wakfu. Aliyeipanda alikuwa amekufa zamani. Aliiacha kwa ajili ya msikiti na kisima. Nazi zikiangushwa ziliuzwa, na fedha yake ikanunua mafuta ya taa na kamba ya ndoo. Hakuna aliyeweza kuuza mnazi hata mmoja, hata imamu. Na mtoto akionekana na nazi ya wakfu mkononi, hakuulizwa amemwibia nani, maana jibu lilikuwa refu: amewaibia wote wanaoteka maji pale, na watakaoyateka wakiwa bado hawajazaliwa. Mtu angetwambia minazi ile haina mwenyewe tungemshangaa. Ilikuwa na wenyewe wengi kuliko mnazi wowote kijijini.

Lishikeni hilo, kwa sababu dunia ilichukua muda mrefu sana kulifikia.

Wazee wetu wa pwani walisafiri na upepo. Kaskazi ikivuma, majahazi yalishuka kutoka Oman, Ghuba na Gujarat mpaka Lamu, Mombasa na Kilwa. Kusi ikivuma, yalirudi. Ushuru ulitozwa bandarini, lakini njiani hapakuwa na lango. Kisha Wareno wakaja mwaka 1498, na baada ya muda wakaweka sharti kwamba chombo cha biashara kisipite Bahari ya Hindi bila hati yao, waliyoiita cartaz, neno lenye asili moja na karatasi yetu. Ukikutwa huna, chombo na mali vinachukuliwa. Bahari nzima ikawa na bawabu.

Mwaka 1609 Mholanzi mmoja, Hugo Grotius, alitoa kitabu alichokiita Mare Liberum, yaani Bahari Huru. Alisema bahari haiwezi kumilikiwa na mfalme yeyote, kama vile hewa isivyoweza. Maneno mazuri. Ila mjue pia kwamba Waholanzi wenyewe walikuwa wakiitaka biashara ya viungo iliyokuwa mikononi mwa Wareno. Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka mia tatu, kanuni ikawa hivi: kila nchi ina kipande chembamba cha maji mbele ya pwani yake, kwa kawaida maili tatu, umbali ambao ilisemwa risasi ya mzinga ingeweza kufika. Kupita hapo, huru. Lakini uhuru huo ulimfaa nani? Mwenye ngalawa aliweza kwenda mpaka nguvu za tanga lake zilipoishia. Mwenye meli ya chuma alikwenda popote, akavua apendavyo, akaondoka.

Mnaona? Bahari ya bawabu mmoja ilikuwa dhuluma. Bahari isiyo na mwenyewe nayo ikawa ya mwenye nguvu.

Hapo ndipo anapoingia mtu ninayempenda katika hadithi hii. Jina lake Arvid Pardo. Alizaliwa Rome mwaka 1914, baba yake Mmalta, mama yake Mswidi, akawa yatima angali mdogo. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alifungwa gerezani na mafashisti wa Italia, kisha na Wajerumani. Vita vilipokwisha alipata kazi Umoja wa Mataifa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutunza majalada. Mwaka 1964 Malta ikapata uhuru. Malta ni nchi ndogo. Visiwa vyake vyote pamoja ni kama theluthi moja ya Pemba. Ikamteua Pardo kuwa mwakilishi wake wa kwanza wa kudumu pale New York.

Tarehe 1 Novemba 1967 Pardo alisimama mbele ya wajumbe wa dunia nzima akaongea kwa saa kadhaa, asubuhi na tena baada ya chakula cha mchana. Aliwaeleza habari za mawe yetu meusi. Aliwaeleza kwamba mashine zinatengenezwa, na nchi zenye mashine zitagawana sakafu ya bahari kama zilivyokwisha kugawana mabara. Fikirini waliokuwa wakimsikiliza. Mle ndani walikuwamo wajumbe wa Afrika, nchi zao zina uhuru wa miaka mitatu, minne, mitano. Hawakuhitaji kuelezwa maana ya wageni kukaa mezani na ramani na kalamu. Aliwaonya pia kwamba mataifa makubwa yanaweza kuficha silaha za nyuklia huko chini. Kisha akaweka mbele yao maneno yaliyobadilisha mjadala wote: sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi ihesabiwe kuwa urithi wa pamoja wa binadamu. Isimilikiwe na nchi. Itumiwe kwa amani. Faida yake iwafikie kwanza walio maskini.

Urithi, wanangu. Neno zito hilo. Marehemu akiacha urithi, mkubwa hawezi kuuchukua wote kwa kuwa ndiye mwenye mkokoteni. Na kama mmoja wa warithi bado yumo tumboni mwa mama yake, fungu lake linangojwa.

Pardo alikosea jambo moja: alidhani utajiri wa mawe yale ungefika upesi. Haukufika upesi. Lakini wazo lake lilikimbia. Tarehe 17 Desemba 1970 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililipigia kura: nchi 108 zikakubali, 14 hazikupiga upande wowote, na hakuna hata moja iliyokataa. Ukaitishwa mkutano wa kuandika sheria ya bahari nzima, ukaanza mwaka 1973 na kumalizika mwaka 1982. Miaka tisa! Aliyepeleka mtoto darasa la kwanza mkutano ulipoanza alimwona akiingia sekondari wenyewe bado wanabishana.

Na katika mabishano hayo sauti moja ilitoka kwetu. Mwanasheria wa Kenya, Frank Njenga, mwaka 1971 katika kikao cha wanasheria wa Asia na Afrika kule Colombo, alitoa pendekezo ambalo Kenya ililipeleka rasmi Geneva mwaka 1972. Alisema kila nchi ya pwani iwe na ukanda wa kiuchumi wa bahari wa maili 200 za baharini, kilomita 370 hivi, zaidi kidogo ya safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Tanga. Meli za wengine zipite humo kwa amani, lakini samaki na mali iliyo ndani viwe vya nchi hiyo. Pendekezo hilo leo ni sheria ya dunia nzima. Mkilisoma vitabuni, kumbukeni lilikotoka.

Lakini Pardo alihuzunika. Kila nchi ilipojikatia maili zake 200, zaidi ya theluthi moja ya bahari ikawa imeondoka kwenye urithi wa wote, na samaki walio wengi wakaondoka nayo. Nchi zenye pwani ndefu zilipata kingi, zisizo na pwani hazikupata hata wimbi. Nimewaza sana juu ya watu hawa wawili. Namwelewa Njenga: meli za kigeni zilikuwa zikivua mpaka karibu na mlango wetu, na mtu anayeibiwa kila usiku huanza kwa kuweka komeo. Na ninadhani Pardo aliona mbali zaidi. Sioni haja ya kuchagua mmoja wao.

Kilichobaki nje ya maili hizo si kidogo hata hivyo. Ni karibu nusu ya uso wa dunia. Na kuhusu sakafu yake, mkataba uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, tarehe 10 Desemba 1982 unasema waziwazi katika kifungu cha 136 kwamba ni urithi wa pamoja wa binadamu, eneo lenyewe na mali yake. Tanzania iliuridhia mwaka 1985, Kenya mwaka 1989. Uganda, isiyo na ufuo hata wa hatua moja baharini, iliuridhia mwaka 1990, na ilifanya vyema, kwa sababu mtoto wa Kampala ana fungu katika lile jiwe sawa na mtoto wa Mombasa.

Msimamizi wa wakfu huu anakaa Kingston, Jamaika. Ni Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, iliyoanza mwaka 1994, na wanachama wake ni nchi zaidi ya 160 pamoja na Umoja wa Ulaya. Nchi zikigombana juu ya bahari ipo mahakama yake Hamburg, Ujerumani; Joseph Warioba, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania, alikuwa miongoni mwa majaji wake wa kwanza.

Niwaeleze kanuni moja ya Kingston, maana hata nyinyi mnaitumia. Mkiwa wawili na embe ni moja, mnafanyaje asidhulumiwe mtu? Mmoja anakata, mwenzake anachagua. Anayekata atajitahidi vipande vilingane, kwa kuwa hajui atabakiwa na kipi. Basi sheria ya bahari inafanya hivyo. Kampuni ya nchi tajiri ikitaka kutafuta madini chini ya bahari, inatakiwa ilete maeneo mawili yenye thamani sawa. Mamlaka inachagua moja na kuliweka akiba kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Mabalozi na mawaziri walihangaika miaka kadhaa, wakafika pale ambapo watoto wawili chini ya mwembe hufika kwa dakika moja.

Ila embe likikatwa kwa haki bado linaweza kuliwa vibaya. Baadhi ya maeneo yale ya akiba yameshikwa na kampuni ya Kanada iliyoingia kupitia visiwa vidogo vya Nauru na Tonga. Sheria inaruhusu nchi kuidhamini kampuni, sisemi imevunjwa. Lakini kipande kile kilitengwa ili maskini ajifunze kukata mwenyewe, na hili linanisikitisha.

Lipo pia jambo la Congo. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka huko, sehemu za Kolwezi, ambako watu wanaongea Kiswahili kama sisi. Kobalti ile ile imo kwenye jiwe letu la chini ya bahari. Ikianza kutoka baharini kwa wingi, bei itashuka, na nyumba za Kolwezi zitapungukiwa. Wajumbe wa Zaire, kama ilivyoitwa wakati ule, na wa Zambia walilisema hilo mkutanoni mapema, na mkataba ukaandika kwamba nchi zinazochimba madini hayo nchi kavu zisiumizwe. Mwaka 1994, ili nchi tajiri zikubali kuingia, kinga hiyo ililegezwa sana. Marekani haikuingia hata hivyo, mpaka leo.

Sasa turudi chini, kwenye giza, maana kuna mwenyeji ambaye sijawatajia.

Mwaka 1989 watafiti wa Kijerumani walikwenda bahari ya mbele ya Peru, kwenye mawe kama yetu, wakaburuta plau juu ya sakafu ili waone uchimbaji utaharibu nini. Wakarudi mwaka 2015, miaka 26 baadaye. Mifereji ya plau ilikuwa pale pale, kana kwamba imelimwa juzi. Shambani kwetu mvua mbili tu zingeifuta. Kule hakuna mvua wala jua, na tope hujikusanya polepole mno.

Katika safari ile ile ya 2015 kamera zao zilimwona pweza. Si pweza wa mawimbini tunayemjua, mwekundu na mwenye hasira. Huyu alikuwa amekumbatia kikonyo cha sifongo. Sifongo ni mnyama asiyetembea. Hujishika kwenye kitu kigumu na kuinuka kwa kikonyo kama ua. Na kule chini, penye tope kila upande, kitu kigumu ni kipi? Ni jiwe letu jeusi. Sifongo ameota juu ya jiwe, sifongo amekufa, kikonyo kimebaki, na pweza ametaga mayai yake juu ya kikonyo hicho, kisha akajiviringisha akayalinda.

Ukiliondoa jiwe umeondoa shina. Na jiwe jingine litaota baada ya mamilioni ya miaka.

Mpaka sasa Kingston haijatoa kibali hata kimoja cha kuchimba kwa ajili ya kuuza. Ipo mikataba ya kutafuta tu, kama 30 hivi. Kingston bado wanaandika kanuni za uchimbaji, na nchi zaidi ya 30 zimesema tungoje kwanza. Lakini Aprili 2025 Rais wa Marekani alitoa amri ya kuharakisha uchimbaji huo kwa sheria ya nchi yake mwenyewe, hata nje ya maji yake. Wajukuu zangu, hapo narudi kwenye minazi. Kijiji kizima kimekaa kujadili wakfu, mmoja kainuka na panga kwenda mnazini.

Wengine wamekwenda upande mwingine. Machi 2023, New York, baada ya kikao kilichokesha usiku kucha, mwenyekiti wao Rena Lee wa Singapore aliwatangazia wajumbe kwamba meli imefika pwani. Walikuwa wamekubaliana mkataba wa kulinda viumbe wa bahari kuu isiyo ya nchi yoyote. Mkataba huo unaruhusu kutenga hifadhi huko mbali, na unataka faida inayotokana na viumbe hao, kwa mfano dawa, igawiwe. Maneno ya Pardo, urithi wa pamoja wa binadamu, yamo ndani yake. Septemba 2025 nchi ya 60 iliuridhia, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 17 Januari 2026.

Mtaniuliza kama watu wanaweza kweli kukubaliana kukiacha kitu wanachokitaka. Nendeni Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba. Wanakijiji wa huko wamewahi kukubaliana kufunga sehemu ya miamba yao, miezi mitatu hivi, asiingie mtu kuchokoa pweza. Kina mama wanaoishi kwa pweza ndio wanaopita kando ya miamba hiyo na vikapu mikononi, wasiiguse. Siku ya kufungua, bamvua imekupwa, kijiji kizima hushuka pamoja, na pweza wanaotoka ni wazito.

Mjukuu wangu mmoja, yule asiyekubali jambo mpaka alihesabu, aliniuliza: kama pweza wa kwetu anafungiwa miezi mitatu, yule wa chini kabisa afungiwe mingapi?

Nikamsimulia habari ya pweza mwingine, wa jamii tofauti, aliyeonekana kwenye mwamba karibu na California, mita 1,400 chini. Watafiti walimkuta mwaka 2007 amelalia mayai yake. Wakarudi tena na tena, wakamtambua kwa makovu yake. Walimsogezea vipande vya kaa, hakuvigusa. Hawakumwona akila hata mara moja. Akapauka, akakonda, macho yakaingia ukungu, na hakuondoka. Mara ya mwisho kumkuta hapo ilikuwa miezi 53 tangu alipoanza kuyalinda.

Mtoto akahesabu kwa vidole: miaka minne na miezi mitano. Akauliza, halafu?

Halafu waliporudi tena hawakumkuta. Palikuwa na maganda ya mayai yaliyochanika, yameshika kwenye mwamba, matupu. Watoto walikuwa wamekwisha kutoka.